Kabla Hujaijaza Fomu ya Chuo Kikuu: Ushauri kwa Wazazi na Vijana wa Rohero

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapokwisha kutangazwa na vijana wakajua nani amefuzu na nani hana budi kurudi darasani, huanza katika nyumba za Rohero, hapa Bujumbura, mashauri marefu ya usiku, ambayo baba huyaongoza kwa sauti ya mwenye kulipa ada, mama huyatia busara ya mwenye kuijua tabia ya mtoto, na mjomba aliyekuja kula chakula cha jioni huyafunga kwa fatwa ya kwamba hapana masomo yenye faida duniani ila utabibu, uhandisi, sheria na uhasibu, na kwamba historia, lugha, falsafa, jiografia na hesabu zisizo na kazi maalumu ni anasa ya watoto wa matajiri. Mimi nimeketi katika mabaraza ya namna hiyo mara nyingi, nikaombwa rai yangu, na aghalabu nikakatizwa kabla sijafika katikati ya sentensi ya pili. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuwajibu wajomba kwa kalamu.

Sina dhamira ya kumtoa kijana yeyote katika udaktari, wala siudharau uhasibu, ambao bila yake hapana duka wala wizara itakayojua ilipo fedha yake. Ninalotaka kulisema ni hili: ile elimu pana ambayo ndani yake mtu husoma lugha na historia pamoja na hesabu na sayansi ya maumbile, akajifunza kuandika kwa ufasaha, kuhoji kwa adabu na kupima ushahidi, humfaa msomi kwa muda mrefu kuliko ufundi wowote mmoja, lakini katika nchi yetu ni nadra chuo kumkabidhi kijana elimu hiyo ikiwa imeshonwa tayari, na kwa sababu hiyo yampasa aishone mwenyewe tangu siku ya kujiandikisha.

Utaratibu wetu wa masomo, tuliourithi kwa sehemu kubwa kutoka kwa Wabelgiji, humbana mtoto mapema. Akimaliza mwaka wa tisa wa shule ya msingi, naye bado hajaota ndevu, hupangiwa mkondo wa lugha, au wa sayansi, au wa uchumi, na mara nyingi alama zake ndizo zinazomchagulia kuliko moyo wake. Akifika chuo kikuu huingia katika kitivo kimoja, na tangu sheria ya mwishoni mwa mwaka 2011 ilipotuletea mpango wa bakalorea, masta na udaktari, shahada ya kwanza imekuwa ya miaka mitatu mahali pa ile lisansi ya zamani ya miaka minne. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi huachiwa mwaka mmoja au miwili ya kuonja masomo ya namna mbalimbali kabla hajatangaza lililo lake. Hapa kwetu miaka mitatu ni michache mno, na mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza hana wasaa wa kumpeleka mwanafunzi wa sheria akasikilize darasa la takwimu.

Wako wasemao kwamba elimu ya namna hii ni mambo ya Wazungu. Hasha! Maulamaa wa Lamu na Unguja, kabla ya shule ya mkoloni kujengwa, hawakumtambua mtu kuwa ni mwanachuoni kwa kuijua fikihi peke yake. Alitakiwa ajue nahau na balagha ili aelewe na aeleweke, mantiki ili asidanganywe na hoja mbovu, hesabu ili agawe mirathi kwa haki, na falaki ili ajue kibla na miandamo ya mwezi. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Unguja na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa mwalimu wa shule, mwanahistoria na mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, wala hapana aliyemuuliza kwa nini asishike jambo moja tu. Na sisi wa Bujumbura tulipata mkondo wa pili wa desturi hiyo hiyo kwa njia nyingine, maana Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, kilichoanza mwaka 1964 na ambacho katika miaka ya 1970 kiliunganishwa na vyuo vingine kikawa Chuo Kikuu cha Burundi, kilikuwa na mkono wa mapadri wa Kijesuiti, watu ambao kanuni yao ya masomo ya mwaka 1599 ilimtaka mwanafunzi apitie sarufi, fasihi, balagha, mantiki, hesabu na falsafa ya maumbile kabla ya kukabidhiwa elimu ya juu zaidi. Majengo ya chuo chao cha Roho Mtakatifu yangali yamesimama juu ya kilima cha Kiriri, na leo ni sehemu ya chuo kikuu. Kanuni yenyewe ndiyo iliyoshuka kilima ikapotelea njiani.

Nitoe mfano wa mtu mmoja ambaye maisha yake yanajulikana. Mwezi wa Septemba mwaka 1960, katika safari zile za wanafunzi ambazo Tom Mboya alizihangaikia ili vijana wa Kenya wapate masomo Marekani, alisafiri binti mmoja wa Nyeri, Wangari Muta, akapelekwa katika chuo kidogo cha masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica, mjini Atchison katika jimbo la Kansas. Huko alisoma biolojia kuwa somo lake kuu, na kemia na Kijerumani kuwa masomo ya pembeni, akamaliza mwaka 1964. Mjomba angalimuuliza: Kijerumani cha nini kwa msichana wa Kikuyu? Haikupita miaka mingi akaenda Ujerumani kuendelea na utafiti wake, na mwaka 1971 Nairobi ikamtunuku udaktari wa falsafa, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Lakini faida kubwa ilikuja alipowasikiliza wanawake wa vijijini wakilalamika juu ya kuni, maji na chakula, akatambua kwamba malalamiko matatu yana mzizi mmoja, ambao ni ardhi iliyovuliwa miti. Mtaalamu wa wanyama aliyesoma wanyama tu asingaliona hivyo. Na mwanasiasa tu asingalijua mche upandwe namna gani. Chama cha Green Belt alichokianzisha mwaka 1977 kilizaliwa katika makutano hayo ya elimu mbili, na mwaka 2004 Profesa Wangari Maathai akapewa nishani ya Nobel ya amani kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa kupanda miti.

Tusitafute mbali, kwa kuwa sisi tunaishi kando ya ziwa linalotufundisha jambo hili kila msimu wa mvua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, huingiliwa na mito mingi, ukiwamo Rusizi upande wetu na Malagarasi upande wa Tanzania, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga unaokwenda Kongo. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron alifika mlango huo akauona umezibwa kwa majani na matete; Stanley alipofika mwaka 1876 hakuukuta mto unaokwenda kama mto; na mwaka 1879 Hore, wa jumuiya ya wamisionari wa London, aliyekaa Ujiji, akakuta kizuizi kimevunjika na maji yanatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena, hata mwaka ule wa 1964, ambao chuo kikuu chetu kilianza, maji yalikuwa juu kiasi cha kukumbukwa. Kisha likateremka, watu wakasahau, wakajenga hoteli, nyumba na maghala karibu na ufuko, ijapokuwa sheria ya maji ya mwaka 2012 ilitenga ukanda wa mita 150 kutoka ziwani. Na yalipokuja mafuriko ya mwaka 2020, watu wa Gatumba wakahama nyumba zao na wengi wakashangaa kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea tangu kuumbwa kwa dunia.

Sasa nauliza: ni fani gani ingeliweza kutuonya? Mhandisi anajua uzito wa nguzo na zege, lakini vitabu vya wasafiri wa karne ya kumi na tisa havimo katika silabasi yake. Mwanahistoria anavijua vitabu hivyo, lakini hajui kukadiria maji yaingiayo na yatokayo. Mwanasheria anaijua sheria ya mita 150, lakini hajui kwa nini zilikuwa 150 wala ziwa lenyewe linazihesabu kuanzia wapi katika mwaka wa mvua. Na mvuvi wa ndagala na mukeke, ambaye anajua mengi kuliko wote watatu, hakuna aliyemuuliza, kwa sababu anazungumza Kiswahili na Kirundi na ripoti huandikwa kwa Kifaransa. Laiti mmoja katika hao angelikuwa na elimu ya pili kando ya ile ya kwanza, hata kwa kiasi kidogo cha kujua aulize nini na amuulize nani! Sisemi maji yasingalipanda. Nasema hasara ingalipungua.

Mfano mwingine ni wa uchungu zaidi, na sitauzungumza kwa urefu. Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofunguliwa Arusha mwezi wa Juni 1998 yaliongozwa kwanza na Mwalimu Nyerere, hata alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, ndipo Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo una itifaki tano, na itifaki ya kwanza haihusu jeshi, wala uchaguzi, wala fedha, bali inahusu asili ya mgogoro, yaani historia: zama za kabla ya mkoloni, zama za mkoloni na zama za uhuru. Wanasiasa, wanajeshi na wanasheria walilazimika kwanza kuketi na kufanya kazi ya mwanahistoria, tena kwa taabu, kabla hawajagusa kazi zao wenyewe. Na Nyerere, aliyewaketisha kwanza, alikuwa mtu aliyesomea ualimu Makerere, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha akachukua shahada ya M.A. ya masomo ya jumla Edinburgh mwaka 1952, akiwa amechanganya historia, uchumi na falsafa ya maadili. Ni mtu huyo huyo aliyeandika mwaka 1967 kwamba elimu lazima imfunze mtoto kujitegemea na kushika jembe, na ni yeye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, bila ya kuona kwamba jembe na tamthilia ni maadui.

Ama kuhusu hoja ya mkate, ambayo ndiyo silaha kubwa ya wajomba, siipuuzi. Tangu mwaka 2017 ile ruzuku ya wanafunzi iligeuzwa kuwa mkopo wa kurudishwa, na mzazi mwenye watoto watano na mshahara mmoja ana haki ya kuuliza mtoto atalipa kwa nini. Ikiwa nyumba haina akiba kabisa na mtoto huyu ndiye tegemeo la wadogo zake, basi mwacheni asome uuguzi, au ualimu, au uhasibu, akapate kazi mapema, na wala asione haya; elimu pana ataiongeza jioni, kama nitakavyoeleza. Lakini mzazi mwenye nafasi, nao wako wengi Rohero, asijifiche nyuma ya hoja ya maskini. Na hata kwa maskini, chungueni kwanza: wahitimu wa usimamizi wa biashara wamekuwa wengi mjini kwa kuwa kila chuo cha binafsi kilifungua kozi hiyo, ambayo haitaki maabara na hufundishwa kwa chaki na kopi za silabasi, basi ile kozi iliyoitwa ya uhakika imekuwa na foleni ndefu kuliko nyingine. Mwajiri mwenye barua mia za maombi zinazofanana humtafuta yule aliyeandika barua isiyo na makosa katika lugha mbili.

Nije sasa katika ushauri wenyewe, ambao naugawa kati ya mzazi na kijana kwa kadiri ya wajibu wa kila mmoja.

Wewe mzazi, kabla ya kulipa hata faranga moja, nenda chuoni siku ya kazi, si siku ya sherehe za kufungua mwaka, ukaombe kuonyeshwa maktaba. Tazama kama imefunguliwa, kama wamo watu, kama vitabu vina alama za kushikwa. Kisha uliza mwanafunzi wa kitivo hicho ataandika insha ngapi kwa mwaka na nani huzisahihisha. Ukijibiwa kwamba hakuna insha ila mitihani ya kukariri, basi hata kama bango la nje limeandikwa maneno makubwa ya Kiingereza, hapo hapana chuo kikuu bali pana duka la vyeti. Uliza pia kama mwisho wa masomo kuna tasnifu ya kuandikwa na mwanafunzi mwenyewe, na kama kuna walimu wa kudumu wa kuisimamia, maana vyuo vingine huendeshwa na walimu wapitao, ambao asubuhi wako huku na jioni wako kwingine, na mwanafunzi hawapati ila kwa simu.

Wewe kijana, somo lolote ulilopangiwa, jitwalie somo la pili lililo kinyume chake, ukalisome kwa nidhamu ile ile. Aliyeingia fasihi au historia ajifunze takwimu, maana hivi leo hapana jambo la umma lisilosemwa kwa tarakimu, na asiyejua kuzisoma hudanganywa kila siku na wala hajui. Aliyeingia sayansi au uhandisi asome historia ya nchi hii na ajizoeze kuandika kurasa mbili kila juma, kwa kuwa nimeona wahandisi hodari ambao kazi zao hutiwa saini na watu wasiojua kitu, kwa sababu tu wale wasiojua kitu wanajua kuandika ripoti. Aliyeingia sheria asome uchumi. Aliyeingia utabibu, ambaye kwa haki kabisa atasema hana wakati, asome riwaya. Mgonjwa hutangulia kuwa mtu kabla ya kuwa na ini.

Watu wa Rohero hawana udhuru wa masafa. Kampasi ya Mutanga, yenye sheria, fasihi na uchumi, na ile ya Kiriri si mbali na mtu mwenye miguu mizima. Nenda ukaombe kwa adabu kuketi nyuma ya darasa lisilo lako. Walimu wengi hawatakataa, na atakayekataa usimchukie, mwendee mwingine. Taasisi ya Ufaransa kwenye barabara ya Mwana wa Mfalme Rwagasore ina vitabu na mihadhara. Waandishi wa humu mjini walianzisha baraza la fasihi la Samandari, ambamo vijana walisomeana maandishi yao na kukosoana hadharani. Ukikuta baraza kama hilo, hudhuria, na ukikosa, watafute wenzako sita mlianzishe sebuleni kwenu, sharti lenu likiwa moja tu, kwamba kila juma mmoja asome alichoandika na wengine wamkosoe bila ya kumvunjia heshima.

Kisha kuna lugha, ambazo kwetu ni mali iliyolala. Kijana wa Bujumbura aliyelelewa kwa Kirundi, akacheza Buyenzi au Bwiza kwa Kiswahili, akafundishwa kwa Kifaransa, na tangu nchi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 akasukumwa kwenye Kiingereza, ana msingi wa elimu pana ambao mwanafunzi wa Paris au London angeununua kwa fedha nyingi. Msiba ni kwamba aghalabu hazijui zote nne ila kwa nusu nusu, akazichanganya katika sentensi moja akadhani huo ndio ujanja wa mjini. Chagua mbili uziandike kwa usahihi kamili, na mbili uzizungumze bila ya kigugumizi. Na miongoni mwa zile mbili za kuandikwa, moja iwe ya Kiafrika, ama sivyo utakuwa msomi asiyeweza kumwandikia mama yake barua.

Nisifiche kwamba elimu, hata iwe pana namna gani, haimhakikishii mtu wema. Mwaka 1972 wanafunzi na walimu wengi wa nchi hii waliuawa, na miongoni mwa walioshiriki katika maamuzi ya siku zile walikuwamo watu waliosoma. Kwa hiyo siwaahidi kwamba kitabu cha falsafa humfanya mtu kuwa mwadilifu. Nasema tu kwamba mtu aliyezoezwa kuuliza ushahidi uko wapi ni mgumu zaidi kuchochewa kuliko aliyezoezwa kukariri, na kwamba kwa taifa lililopitia tuliyoyapitia, tofauti hiyo si ndogo.

Mwisho, ichague mada ya tasnifu yako mapema, katika mwaka wa kwanza ikiwezekana, na iwe mada ambayo haimaliziki kwa elimu moja: bei ya ndagala na kupanda kwa ziwa, sheria ya ardhi na kumbukumbu za wazee wa mlimani, maradhi ya kipindupindu na ramani ya mabomba ya maji. Iandike kwenye ukurasa mmoja, umpelekee mwalimu unayemtaka akusimamie kabla wenzako hawajamfikia, kwa kuwa wasimamizi ni wachache, wanafunzi ni wengi, na mwaka wa tatu hufika upesi.